Msumari wa Mzee Mutabazi

Paa la nyumba yangu ni jekundu, na ukisimama Bukavu, ng'ambo ya mto Ruzizi, unaliona bila kukaza macho. Sisemi hivi ili kujisifu. Au tuseme ukweli, nasema ili kujisifu, kwa sababu nimeuza vitenge sokoni Kamembe tangu binti yangu Uwase akiwa mgongoni, na bati lolote la paa lile ukilinyooshea kidole nitakuambia ni faida ya msimu gani. Hapa Mururu, upande wa Rwanda, mtu akimwelekeza mgeni humwambia apande mpaka aone nyumba nyekundu, kisha akate kushoto. Wengine hata jina langu hawalijui. Wanajua paa.

Basi paa hilo lilinitesa karibu miaka mitatu, na sababu ya mateso ni msumari mmoja ambao mimi mwenyewe nilikataa uguswe.

Nieleze kwanza siku ya kuezeka. Sisi ni Wanyarwanda tuliolelewa Kongo, na katika ukoo wa baba yangu nyumba haiezekwi kimyakimya. Unachinja, unapika, unaita watu, na kila mgeni wa heshima anapewa nyundo apige msumari mmoja kwenye paa. Nani alianzisha, sijui. Nilichoambiwa utotoni ni kwamba mtu aliyepiga msumari kwako hawezi tena kuisema vibaya nyumba yako, maana na yeye ana kitu chake mle. Mume wangu, Mbarushimana, ambaye anaendesha lori la saruji kutoka Muganza na si mtu wa maneno mengi, alisema desturi hiyo haijui lakini nyama anaijua, tuendelee tu.

Mabati tuliyanunua kwenye duka kubwa la Kamembe, pamoja na garanti, na duka likatuletea fundi wake mwenyewe, Cubaka. Kijana hodari, mcheshi, anapiga mluzi akiwa juu kana kwamba yuko sebuleni kwao. Nilipomweleza habari za misumari ya wageni alicheka akasema hakuna shida, atawaonyesha pa kupiga. Jirani yetu Ridhwani, mshona nguo ambaye nusu ya wateja wangu huwapeleka kwake, alivua kofia yake, akasema bismillahi, akapiga wake. Mkuu wa mudugudu wetu, yaani kijiji, Mzee Hategekimana, akapiga wake. Gaudiose, kiongozi wa kwaya yetu, akapiga wake huku wanakwaya wakimwimbia kutoka chini.

Wa mwisho alikuwa baba yangu, Mzee Mutabazi.

Alikuwa amevuka mpaka asubuhi ile na fimbo yake na koti lake zito, jua likiwaka. Maisha yake yote alikuwa mshona viatu Kadutu, juu kule Bukavu, na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Tulimwambia apige hata chini, kwenye mlango, inatosha. Hakutaka kusikia. Cubaka akamshikia ngazi, akapanda polepole mpaka alipofikia bati, kisha badala ya kupiga akaanza kujipapasa mifukoni. Akatoa kipande cha mpira wa ndani wa tairi alichokikata duara, akakitoboa, akakivika kwenye msumari.

Nilitaka ardhi inimeze. Hiyo ilikuwa tabia yake tangu zamani. Hata msumari wa kutundikia kalenda alikuwa anauvika mpira kwanza, na sisi watoto tulikuwa tunamcheka.

"Mzee, hii musumari iko na kapira yake tayari," Cubaka alimwambia.

"Ile ni ya kwake," baba akajibu. "Hii ni ya kwangu."

Pigo la kwanza likakosa na kulibonyeza bati. La pili likaenda pembeni. Msumari ulipoingia hatimaye uliingia umelala ubavu, wanawake wakapiga vigelegele hivyohivyo, na mzee akashuka akitokwa na jasho. Alizaliwa uhamishoni, wazazi wake walifia huko, na hakuwahi kuwa na kiwanja hata cha kuzika paka upande huu wa mto. Aliniangalia akasema, "Sasa na miye niko na nyumba Rwanda."

Kisha tukala. Cubaka naye akala vizuri, paja zima la mbuzi, halafu akarudi juu kumalizia bati la mgongoni, lile linalofunika mahali pande mbili za paa zinapokutana.

Mvua ya kwanza yenye nguvu ilipokuja kutoka ziwani, tone lilianguka sebuleni. Nikainua macho. Juu ya mahali pale ndipo ulipokuwa msumari wa baba. Nilijua kwa sababu siku ile ngazi ilikuwa imesimama nje ya dirisha la sebule. Nikaleta sufuria, nikaiweka chini, nikanyamaza.

Jioni hiyohiyo simu ikalia. Mvua inayotunyeshea sisi huwa imekwisha kuwanyeshea watu wa Bukavu, na baba alikuwa anaitazama ikivuka mto kuja kwetu.

"Mvua imefika huko?"

"Imefika, Papa."

"Na musumari yangu? Haivuyi?"

Sufuria ilikuwa karibu na mguu wangu inagonga, to, to, to. "Haivuyi, Papa. Iko muzima kabisa."

"Niliweka kapira," alisema, na nikasikia anacheka peke yake.

Ikawa hivyo kila msimu. Mvua ikivuka, simu inalia. Majirani zake walinisimulia baadaye kwamba siku za jua alikuwa anatoka nje na fimbo yake, anawashika watu wanaopita njia, anawaonyesha ng'ambo. Unaona ile nyekundu? Musumari yangu iko pale. Sasa mtu wa namna hiyo unamwambiaje kwamba msumari wake unavuja? Mimi sikuweza. Alipofariki, katika mwaka wa pili wa paa lile, nilivuka kwenda kumzika, na tulipotoka makaburini niligeuka nikaliona paa langu ng'ambo, jekundu vilevile. Nililia pale barabarani bila kujali nani ananitazama.

Mume wangu hakuelewa kwa nini sitaki kuliita duka. Alikuwa anarudi kutoka Muganza, mweupe kwa vumbi la saruji mpaka kwenye kope, anaitazama sufuria, anatikisa kichwa.

"Maman Uwase, garanti iko. Tuite ile batu ya duka bakuye kuangalia."

"Ni mvua ya upepo tu. Itapita."

Kila mara nilikuwa na sababu. Soko limechangamka, mafundi ni wezi, tungoje kiangazi. Ukweli ni kwamba niliogopa mtu apande, aguse msumari ule, aseme kwa sauti kile nilichokuwa najua. Ningeweza kuvumilia sufuria. Kumsikia mtu akimcheka baba yangu kaburini nisingeweza.

Plafo, yaani dari, ndiyo iliyochoka kabla yangu. Jumapili moja Gaudiose na wanakwaya wachache walikuwa kwangu, wameinamisha vichwa, anaomba sala ndefu kama kawaida yake, na kipande cha plafo kilicholowa kikamdondokea mezani katikati ya sahani ya ndizi. Hakukatisha sala. Alikisogeza kwa kiwiko akaendelea mpaka amina. Lakini kesho yake mume wangu alilipigia duka simu bila kuniambia.

Walikuja wawili. Mmoja alikuwa Iradukunda, anayeshughulikia garanti pale dukani, mtulivu, viatu vyake alivivua mlangoni bila kuambiwa. Wa pili alikuwa Cubaka. Cubaka alipanda ngazi, akatembeza macho, akashuka upesi kuliko alivyopanda.

"Chef, miye sina kosa hapa," alimwambia Iradukunda. "Misumari ni ya bageni. Ile moya iko nalala kabisa, na inavuya pale pale chini yake. Kazi yangu ni muzuri."

Iradukunda alipanda, akatazama, akashuka. Akaniambia kwa upole kwamba garanti haijibu matundu yaliyotobolewa na watu wasio mafundi wa duka. Kama tunataka, bati lile litolewe, liwekwe jingine kwa gharama yetu, na misumari mingine ya wageni ing'olewe na matundu yake yazibwe. Baada ya hapo ataona anachoweza kutusaidia.

Damu ilinipanda. Nilimgeukia Cubaka.

"Weye. Nani alimushikia papa yangu ngazi?"

"Ni miye, Maman."

"Nani alisema hakuna shida?"

"Ni miye."

"Na paja ya mbuzi, nani alikula?"

Akatazama chini. "Maman, mbuzi haina garanti."

Hata mume wangu alicheka. Mimi sikucheka. Niliwaambia wote wawili njia waliyokuja nayo bado ipo, na mlima huu kushuka ni rahisi kuliko kupanda.

Mururu habari haikai siku mbili ndani ya nyumba. Jumapili iliyofuata wenye misumari walikuja, mmoja mmoja, kila mtu akisingizia anapita tu. Mshtakiwa alikuwa msumari, lakini ni wao waliokuwa wanahisi wameshtakiwa.

"Maman Uwase, yangu iko sawa kabisa," Ridhwani alisema kabla hajakaa. "Miye natumia sindano tangu niko mutoto. Mukono yangu haipotee."

"Yangu iko kule mwisho, karibu na mufereji," Mzee Hategekimana akasema. "Maji ikifika pale inakuwa inatoka tayari."

Gaudiose alivuta pumzi. "Tusiseme mubaya juu ya mufu. Lakini Mzee Mutabazi mikono ilikuwa natetemeka. Tulimuona bote."

Nilijua wanampenda baba, walimlilia, Ridhwani alivuka mpaka kuja mazishini na kanzu yake nyeupe. Lakini mtu akitaka kuutetea msumari wake, mahali rahisi pa kusukumia kosa ni kwa asiyekuwepo. Walipoondoka, mume wangu alikaa karibu nami.

"Musumari ni musumari. Tuutoshe, tuzibe, basi. Mzee hayuko mule."

"Kama hayuko mule, yuko wapi?"

Alikwenda chumbani akarudi na karatasi ya garanti, iliyokuwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na hati ya kiwanja, akaniwekea mapajani. "Umesoma Kifaransa Bukavu kule, na hii tangu tununue hakuna mwenye aliisoma. Soma basi," alisema. Akatoka nje kuosha lori.

Alisema kweli. Niliipokea karatasi ile dukani kama mtu anavyopokea cheti cha ubatizo, nikaihifadhi vizuri, nikaamini kuwa kuihifadhi ndiko kuwa na garanti. Nikasoma sasa, kidole juu ya mstari, na nikakuta kwamba ahadi hazikuwa moja bali mbili. Kulikuwa na ahadi ya kiwanda juu ya bati lenyewe, kwamba rangi haitapauka na kutu haitalila, na hiyo ilikuwa ndefu, ya miaka mingi. Na kulikuwa na ahadi ya duka juu ya kazi ya fundi wake, kwamba maji hayatapita, na hiyo ilikuwa fupi, miaka mitatu tu. Mwaka wa tatu ulikuwa unakwisha na msimu huu wa mvua. Kulikuwa pia na mstari unaosema mwenye nyumba akiona kasoro aseme upesi, asingoje. Huo niliupita haraka, nikaurudia, nikaona aibu kidogo.

Kisha nikafika kwenye matundu. Karatasi haikusema kwamba tundu la mtu mwingine linaua garanti. Ilisema duka halitajibu uharibifu uliosababishwa na tundu hilo. Niliweka karatasi chini nikatazama juu, kwenye doa la plafo. Kama maji yanapita kwa baba, duka halinidai wala mimi silidai. Lakini nani alikuwa ameonyesha kwamba yanapita kwa baba? Cubaka alionyesha kidole. Majirani walionyesha kidole. Na mimi niliyeishi na sufuria ile nilikuwa nimemhukumu kabla yao wote, tangu tone la kwanza, bila kupanda hata ngazi.

Hapo nikakumbuka jambo nililoliona mara nyingi bila kulifikiria. Mvua inayoanguka wima, hata iwe kubwa kiasi gani, ilikuwa haijazi sufuria. Iliyojaza ni ile inayosukumwa na upepo wa ziwani. Sasa tundu ni tundu. Kwa nini lichague mvua?

Asubuhi nilimpigia Iradukunda. Nilitarajia ugomvi, na nilikuwa nimeshauandaa, lakini alinisikiliza mpaka mwisho.

"Maman, una haki," alisema. "Tulipashwa kuangalia mbele ya kusema. Nitakuya Jumamosi. Tutamwanga maji juu ya paa."

Jumamosi mchana kulikuwa na jua safi. Iradukunda alikuja na Cubaka, na majirani wakaja bila kuitwa. Tangi letu la maji ya mvua lilikuwa limejaa. Iradukunda alisema atakayekanyaga paa ni Cubaka peke yake, kwa sababu garanti haipendi miguu ya watu wengi, basi sisi tukajipanga chini. Mzee Hategekimana alikuwa kwenye bomba la tangi anajaza jerikani. Mume wangu anampa Gaudiose, Gaudiose anampa Ridhwani aliyesimama juu ya ngazi na kofia yake, Ridhwani anampa Cubaka. Wote waliokuwa na msumari mle walikuwa kwenye mstari ule. Mimi nilisimama mlangoni, mahali ninapoweza kusikia ndani na nje, na Iradukunda alipanda juu ya meza akaingiza kichwa na mabega ndani ya plafo, kupitia pale ilipodondoka, akiwa na taa ya simu.

"Anzia chini," nilimwambia Cubaka. "Ukianza juu, maji itapita kwa kila musumari na hatutajua nani mwenye kosa."

Alianza karibu na mfereji, kwenye msumari wa Mzee Hategekimana. Akamwaga, tukangoja. "Kavu," Iradukunda alisema kutoka ndani. Akasogea kwa Ridhwani. Kavu. Kwa Gaudiose. Kavu. Gaudiose alisema asante Yesu taratibu, kisha akanitazama na kuinamisha macho.

Cubaka akafika kwa baba. Alisimama na jerikani mkononi bila kuinamisha, akanitazama kutoka juu, na nadhani kwa mara ya kwanza alielewa ni nini anachoulizwa.

"Mwanga," nilisema. "Usimuhurumie."

Alimwaga jerikani nzima. Maji yalikusanyika kwenye bonde lile dogo ambalo pigo la kwanza la baba lililiacha kwenye bati, yakauzunguka msumari, yakafurika, yakashuka. Nilikuwa namwona amesimama na koti lake katika jua, anajipapasa mifukoni.

Nilitega sikio kwenye sufuria.

"Chef?" Cubaka aliita.

"Mwanga ingine."

Akamwaga nyingine, na nyingine. Ridhwani alikuwa anapokea na kupeleka, jasho likimtiririka.

"Maman," Iradukunda alisema, "hapa ni kavu."

Sikuamini. Niliingia ndani, nikasimama chini yake, nikatazama sufuria. Hata tone. Nikamwambia aguse ubao kwa kidole. Akagusa, akanishushia kidole nikakishika mwenyewe, na kilikuwa na vumbi tu. Nilirudi mlangoni, nikampungia Cubaka mkono apande zaidi.

Alipanda mpaka juu kabisa, kwenye bati la mgongoni. Akamwaga akielekeza maji kutoka upande wa ziwa, kama upepo unavyoyasukuma. Jerikani haikufika nusu.

"Simama," Iradukunda akasema. "Inakuya. Inakuya kutoka juu. Naiona inashuka na ubao." Alikuwa anasema polepole, akilifuata tone kwa taa. "Inashuka. Inashuka. Imefika ku musumari wenye kulala. Ncha yake imetokea huku chini, maji inajikusanya pale."

To, ikasema sufuria.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa habari yote. Maji yalikuwa yanaingilia mgongoni, yanateremka na ubao wa kenchi kimya kimya, mpaka yanapoikuta ncha ya msumari wa baba iliyochomoza upande kwa sababu uliingia umelala. Pale ndipo yalipokuwa yanaachia. Msumari wake ulikuwa unanionyesha tone, na mimi nikadhani ndio uliolileta.

Cubaka alichutama juu pale akalichunguza bati la mgongoni. Kisha akaja mpaka ukingoni ili nimwone usoni, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

"Maman, ni miye," alisema. "Hii nilipiga kisha ya kula. Pale bati inaungana nilielekeza ku upepo, na misumari niliweka kidogo. Nilikuwa na haraka."

"Kwa hiyo mbuzi nayo iko mu garanti," mume wangu akasema, na safari hii hata mimi nilicheka. Watu wote walicheka, Cubaka mwenyewe akacheka juu ya paa, na Mzee Hategekimana akasahau bomba, maji yakamwagika miguuni pake.

Iradukunda alishuka akijipangusa vumbi. Aliniambia kosa ni la kazi ya fundi wao na muda haujaisha, kwa hiyo duka litarekebisha mgongo wote na kuweka plafo mpya pale ilipoharibika, bila sisi kutoa kitu. Rangi nayo aliikagua akasema haijapauka hata kidogo, lakini ile ni ahadi ya kiwanda, na bado iko mbele yetu miaka mingi. Aliongeza, kwa adabu, kwamba safari nyingine nisingoje. Nilimwambia safari nyingine nitampigia tone likiwa bado hewani.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa na lazima ya kulifanya. Alitoka nje, akahamisha ngazi, akapanda mpaka kwenye msumari wa baba. Aliinama akautazama kwa karibu, akabonyeza kwa kidole gumba kuzunguka kichwa chake.

"Maman," aliita, "hii musumari nani aliipiga? Iko na kapira mbili."

Gaudiose alishika mdomo. Ridhwani, aliyekuwa ameishika ngazi kwa chini, ndiye aliyejibu kabla yangu, na sauti yake ilikuwa kubwa kana kwamba anataka wasikie hata ng'ambo.

"Ni Mzee Mutabazi. Alikuwa mushona viatu ya Kadutu."

"Ilipigwa vibaya," Iradukunda akasema, "lakini maji haitapita hapa hata kesho kutwa. Tunaweza kuitosha tunyooshe, kama munataka."

"Muache vile iko," nilisema.

Cubaka alimaliza kazi wiki ileile, safari hii hakula mpaka aliposhuka, na nilimpikia. Msimu ule mvua ilivuka kutoka Bukavu kwa upepo mkali, mvua ya kelele, mpaka Uwase akaziba masikio. Kwa mazoea nilileta sufuria nikaiweka mahali pake, nikakaa kwenye kiti karibu nayo na simu mapajani. Mume wangu aliniona lakini hakuniuliza simu ni ya nini.

Mvua ilinyesha mpaka ikachoka. Nikashika ndani ya sufuria kwa kiganja, pakavu. Nilizikumbuka zile jioni zote, baba ng'ambo kule ananiuliza kama msumari wake hauvuji, nami namjibu ni mzima kabisa, nikidhani namdanganya mzee wangu ili alale vizuri. Kumbe kila mara nilikuwa namwambia kweli.